Uzi: Bodi za moduli za ARM, uwezo wake na bei yake kamili mpaka iwake

#1 Fundi Soketi

Wakuu, salaam.

Swali la "nichukue moduli gani ya ARM" linarudi kila mara, na majibu ni yale yale: hii ina kore nane, ile ina RAM kubwa, ile nyingine ni ya bei chee. Nimeamua kuandika kwa kirefu ili tukibishana, tubishanie kitu kimoja.

Ninazozungumzia ni bodi ambazo prosesa (ya ARM, aina ileile ya kwenye simu), RAM na saketi ya kugawa umeme vimebanwa kwenye kipande kidogo, halafu kipande hicho unakichomeka kwenye bodi mama yenye matundu ya HDMI, USB, mtandao, kamera na mengineyo. Bodi kamili kama Raspberry Pi ya kawaida si mada yetu, ila zitatajwa kwa sababu ndizo zinazovuruga hesabu za watu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye moduli unanunua soketi na kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha chipu. Mengine yote yanafuata.

Tuanze na Raspberry Pi Compute Module (CM), maana wengi wanaingilia hapo. Ya kwanza ilitoka 2014 ikiwa na umbo la kadi ya RAM ya laptopu, pini 200, chipu ileile ya Pi ya kwanza, RAM ya MB 512 na eMMC (hifadhi iliyolehemiwa kwenye moduli) ya GB 4. Ikafuata CM3 mwaka 2017, kisha CM3+ mwaka 2019, zote kwenye umbo lilelile. Oktoba 2020 ikaja CM4 ikiwa na konekta mbili za pini 100 kila moja, zimejificha chini ya bodi ya milimita 55 kwa 40. Bodi mama zote za zamani zikabaki na soketi isiyokuwa na mwenyewe. Baadaye ikabidi itolewe CM4S, yaani chipu ya CM4 kwenye umbo la zamani, kwa ajili ya hao walioachwa njiani.

Kuhama kwenyewe kulikuwa na sababu. CM4 ilileta njia moja ya PCIe Gen 2 (mlango wa kasi wa SSD na kadi za ziada), mtandao wa gigabiti, HDMI mbili na kore 4 za Cortex-A72 za GHz 1.5. Lakini mwenye kiwanda kidogo aliyekuwa na bodi mama 500 stoo hakulala akifurahia PCIe.

Sasa bei. CM4 ilizinduliwa ikianzia dola 25: RAM GB 1, haina Wi-Fi, haina eMMC. Ya juu kabisa, RAM GB 8, eMMC GB 32 na Wi-Fi, ilikuwa dola 90. Katikati kuna matoleo chungu nzima, jumla 32, na hapo wageni wengi wanapotea. Bodi mama rasmi ilikuwa dola 35. Kwa hiyo ile ya dola 25 inawaka kwa dola 60, na bado hujaweka adapta ya umeme wala memori kadi. Wakati huohuo Pi 4 kamili ya GB 2 ilikuwa inauzwa dola 35 ikiwa na matundu yake yote.

CM5 ilipotoka Novemba 2024 mizani ikageuka. Moduli ilianzia dola 45 ikiwa na RAM GB 2 bila eMMC, lakini bodi mama yake rasmi ikashuka hadi dola 20. Jumla 65. Umeongeza dola 5 tu, umepata kore 4 za Cortex-A76 za GHz 2.4, USB 3.0 mbili na nafasi ya kuchomeka SSD ya M.2 palepale kwenye bodi mama. Hizi zote ni bei za siku ya kuzinduliwa. Tangu 2025 chipu za memori zimepanda bei na matoleo yenye RAM kubwa ndiyo yaliyoumia zaidi, hivyo angalieni bei ya leo kabla ya kutoa hela.

Halafu kuna mtego. Konekta za CM5 ni zilezile za CM4 na inaingia bila kusukumwa sana. Ila zile USB 3.0 zimewekwa kwenye pini zilizokuwa za kamera ndogo na skrini ndogo, yaani CAM0 na DISP0 za njia mbili mbili. Kama bodi mama yako ya CM4 ilikuwa inatumia CAM0, ukiweka CM5 mfumo utawaka vizuri kabisa na kamera hutaiona. Watu wanabadilisha kebo na kamera mpaka wanachoka, kumbe waya hauna mtu upande wa pili.

Jetson (za Nvidia), zile za chipu za Rockchip na zile za viwandani nawaachia wanaozitumia kila siku waanze. Karibuni.

#2 Mbahili wa Chipu

Mkuu, umeandika vizuri ila umejimaliza mwenyewe. Kama Pi kamili ilikuwa dola 35 na moduli ikawaka kwa 60, moduli ya nini? Si ninunue Pi, nifunge na skrubu nne, biashara imeisha?

#3 Fundi Soketi

Mkuu, kwa mashine moja ya nyumbani uko sahihi asilimia mia. Nunua Pi kamili, usisumbuke.

Ila fikiria unatengeneza kifaa. Pi kamili ina matundu pande mbili, kasha lako linataka matundu yote nyuma. Ina HDMI mbili, wewe hutaki hata moja. Haina sehemu ya kuingiza volti 24, wewe umeme wako ni volti 24. Unaishia kuwa na Pi, bodi ya kushusha umeme, kebo za kurefusha na gundi. Kifaa cha namna hiyo kinarudi kwa mteja kimelegea kebo.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Ugumu wa kuchora kompyuta ya namna hii uko kati ya prosesa na RAM. Ni makumi ya nyaya zinazobeba data kwa kasi kubwa, urefu wake lazima ulingane, zinapita kwenye matabaka mengi ya bodi, na chipu zenyewe zina vipira vya kulehemia chini yake ambavyo huwezi kuvikagua kwa macho. Ukikosea, mfumo unawaka leo unaganda kesho na hujui pa kuanzia. Moduli imekumalizia kazi hiyo yote. Kinachobaki kwako ni bodi ya matabaka 4 yenye HDMI, mtandao na umeme, ambayo mtu mwenye uzoefu wa wastani anaichora. Raspberry Pi wenyewe wametoa michoro ya bodi mama ya CM4 kwa KiCad (programu ya kuchora bodi): unaifungua, unafuta usichotaka, unaongeza chako.

Kwa hiyo linganisha moduli na gharama ya kuchora RAM mwenyewe. Ukiilinganisha na Pi kamili itashindwa kila siku.

#4 Mama Lenzi

Naingia kwa Jetson kwa sababu kazi zangu ni za kamera.

Jetson Nano ilitoka 2019 kwa dola 99 pamoja na bodi mama yake. Kore 4 za Cortex-A57, GPU (chipu ya picha) ya Maxwell yenye kore 128, RAM GB 4. Kwa wakati ule ilikuwa maajabu. Leo msiinunue, hata mkiipata ya mitumba kwa bei ya kutupa. Sababu ni ileile aliyosema mwanzisha uzi, kerneli. Nano iliishia kwenye JetPack 4.6 (kifurushi cha mfumo cha Nvidia), ambayo msingi wake ni Ubuntu 18.04. JetPack 5 haikuigusa. Maktaba mpya za kutambua picha zinataka matoleo ya Python na CUDA (programu ya Nvidia ya kutumia GPU) ambayo humo hayamo, na utashinda unajenga vifurushi mwenyewe badala ya kufanya kazi.

Orin Nano ndiyo ya kuzungumzia. Kifurushi chake kilianza na dola 499 mwaka 2023, kisha Desemba 2024 kikashushwa hadi dola 249 kwa jina la Super: kore 6 za Cortex-A78AE, kore 1024 za CUDA za kizazi cha Ampere, RAM GB 8 ya LPDDR5. Hiyo ni pamoja na bodi mama na feni. Ukiweka SSD na kamera, hesabu imekaribia kuisha. Katika bei zote zitakazotajwa hapa, hii ndiyo iliyo karibu na bei ya kweli ya kuwasha.

Matatu ya kujua kabla hamjachangamka. Moja, ile TOPS 67 (trilioni za hesabu kwa sekunde) inayotangazwa ni hesabu ya INT8 (namba za biti 8) kwenye mtandao wa nyuroni uliopunguzwa namba kwa mpangilio maalumu. Mtandao wa kawaida utapata kama nusu yake. Anayeilinganisha na TOPS 6 za chipu nyingine akidhani vipimo vinafanana, anajidanganya. Mbili, Orin Nano haina saketi ya kubana video. Kufungua video inaweza. Kubana unatumia prosesa, na mkiwa na kamera nne mtaliona joto lake. Aliyezoea Nano ya zamani, ambayo ilikuwa nayo, anashtuka. Tatu, moduli iliyo kwenye kifurushi ina tundu la memori kadi, ila moduli hiyohiyo ikiuzwa peke yake kwa ajili ya bidhaa haina tundu hilo wala hifadhi yoyote ndani. Bodi mama yako lazima iwe na mahali pa SSD.

#5 Kore Nane

Mnazunguka tu. Chipu ya RK3588 ya Rockchip: kore 4 za A76 pamoja na 4 za A55, NPU (saketi ya AI) ya TOPS 6, RAM hadi GB 32, inasoma hata HDMI ya kuingia. Radxa, Orange Pi, Turing, wote wana moduli zake. Kwa nini nilipie CM5 yenye kore 4 na isiyo na NPU?

Kuna hata zinazochomeka kwenye soketi ya Jetson. Turing RK1 unaiweka kwenye Turing Pi 2, bodi moja ya mini-ITX inabeba moduli nne, na unaweza kuchanganya RK1, Jetson na CM4 kwa kipachiko. Hiyo ndiyo maana ya moduli.

#6 Fundi Soketi

Kaka, kwenye nguvu sikupingi. RK3588 ni chipu nzuri na kwa dola moja inakupa kazi nyingi kuliko CM5. Ila soma jina mpaka herufi ya mwisho. Moduli nyingi ndogo zina RK3588S. Hiyo S imeondoa PCIe 3.0 ya njia nne. Ukiwa umenunua kwa ajili ya SSD ya kasi au kadi ya mtandao wa gigabiti 10, umenunua kitu kingine.

Pili, "inaingia kwenye soketi ya CM4" kwa wauzaji wengine ina maana pana. Radxa CM3, kwa mfano, ina konekta mbili kama za CM4 na ya tatu ya kwao wenyewe yenye vitu vya ziada. Konekta mbili zikikaa vizuri bado kila pini inatakiwa isomwe, maana chipu ya RK3566 haina milango sawasawa na BCM2711, chipu ya CM4. HDMI ya pili, kwa mfano, utaitafuta usiipate.

Tatu, kerneli. Kwa muda mrefu chipu hii imeendeshwa na kerneli ya muuzaji, 5.10 kisha 6.1, yenye viraka visivyohesabika. Kazi ya kuiingiza kwenye Linux rasmi imepiga hatua, draiva ya GPU yake iliingia kwenye Linux 6.10 mwaka 2024, na kila toleo linaongeza kitu. Kwa seva ya nyumbani leo inatosha kabisa. Kwa kifaa utakachokiacha ukutani kwa mteja miaka minane, uliza nani atakupa viraka vya usalama mwaka wa sita. Kama jibu ni "kuna jamaa kwenye jukwaa fulani ana imeji (faili la mfumo mzima) nzuri", hapo umeajiri mtu usiyemjua bila mshahara.

#7 Kore Nane

Haha, hiyo ya mwisho nimeielewa. Ila kundi la mashine nne ndani ya kasha moja bado nalitaka.

#8 Mhandisi Mstaafu

Vijana, hamjataja viwango. Nilikaa na moduli za viwandani miaka mingi, ngoja niwape picha.

Kuna kikundi kinaitwa SGET, ndicho chenye SMARC, Qseven na OSM. SMARC ni bodi ya milimita 82 kwa 50, au 82 kwa 80 kwa kubwa, yenye pini 314 za ukingoni. Uzuri wake ni kwamba pini namba fulani ina kazi fulani kwa mujibu wa waraka, awe ameitengeneza fulani au mwenzake. Unaanza na i.MX ya NXP, mwakani unaweka ya Texas Instruments au hata ya Intel, bodi mama ileile. Nasema "unaweka" lakini majaribio lazima yafanyike, kwa sababu milango mingi kwenye waraka ni ya hiari. Moduli moja ina CAN (njia ya mawasiliano ya magari na mashine) mbili, nyingine haina hata moja, na zote mbili ni SMARC halali.

OSM ndiyo ndogo ya kundi. Hiyo haichomekwi, inalehemiwa moja kwa moja kwenye bodi mama. Ukubwa S ni milimita 30 kwa 30 na una sehemu 332 za kugusana; L ni 45 kwa 45 na zinafika 662. Haina konekta, hivyo gharama inapungua na mtikisiko hauna cha kulegeza. Ila ikifa, fundi anahitaji mashine ya hewa ya moto na mkono usiotetemeka.

Nje ya SGET kuna wenye umbo lao binafsi. Toradex wa Uswisi wana Colibri, Apalis na Verdin. Verdin ina pini 260 kwenye umbo la kadi ya RAM ya DDR4. Hapa ndipo nilitaka kufika: Jetson Orin Nano nayo inakaa kwenye soketi ya pini 260 ya aina hiyohiyo. Soketi moja, mpangilio wa pini tofauti. Kuona vinalingana kwa macho kusiwadanganye.

Bei zake zinawatisha wengi. Moduli yenye i.MX 8M Plus, kore 4 tu za Cortex-A53 za hadi GHz 1.8, inaweza kukugharimu zaidi ya CM5 yenye nguvu maradufu. Unacholipia hakipo kwenye jedwali la kasi. Ndani yake kuna kore ya Cortex-M7 ya pembeni inayofanya kazi za muda halisi huku Linux ikiendelea na yake, kuna CAN FD (CAN ya kasi zaidi) mbili, kuna matoleo ya nyuzi joto −40 hadi +85, na NXP wanaahidi kwa maandishi kuendelea kuizalisha kwa miaka mingi. Mwaka 2021 na 2022 CM4 zilipoadimika duniani, watu walikuwa wananunua kwa walanguzi kwa mara kadhaa ya bei. Ndipo wengi walipoanza kusoma sehemu ya mkataba inayohusu upatikanaji.

Kiwango nacho kinaweza kufa. 96Boards ya Linaro ilianza 2015 kwa shangwe: milimita 85 kwa 54, konekta ya pini 40 na nyingine ya pini 60, DragonBoard 410c kwa dola 75. Wazo zuri. Lakini ishara zake zilikuwa za volti 1.8 wakati sensa karibu zote za mezani ni za 3.3 au 5, kwa hiyo kila unachotaka kuunganisha kinahitaji kigeuza volti katikati. Na umeme wake ulitaka volti 8 hadi 18 wakati kila mtu ana chaja ya volti 5. Vitu vidogo hivyo viwili vilifukuza watu wengi kuliko bei.

#9 Mama Lenzi

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ya volti 1.8 umenikumbusha mbali. CM4 wao waliacha mtu achague mwenyewe, pini za GPIO (za kuunganishia sensa na swichi) zinaweza kuwa za 1.8 au 3.3 kutegemea unavyounganisha GPIO_VREF. Kitu kidogo lakini kinaokoa chipu kadhaa kwenye bodi mama.

#10 Mgeni Kidogo

Wakuu samahani, mimi ni mpya. Nimenunua CM4 ya eMMC na bodi mama rasmi. Kwanza nimeweka mfumo kwenye memori kadi, haisomi. Pili, nimeomba ya rafiki isiyo na eMMC, imewaka, lakini kibodi na kipanya havifanyi kazi. Bodi ni mbovu?

#11 Fundi Soketi

Bodi zako zote mbili ni nzima, mdogo wangu.

Ya kwanza: eMMC na tundu la memori kadi vinatumia nyaya zilezile. Moduli ikiwa na eMMC, tundu la kadi halina kazi kwake. Mfumo unauingiza hivi: zima umeme, weka jampa (kiziba kidogo kinachounganisha pini mbili) kwenye J2, pale palipoandikwa kwamba panazuia kuwaka kwa eMMC. Unganisha kebo ya USB ndogo kutoka bodi mama hadi kompyuta yako, endesha programu ya rpiboot, kisha washa umeme. Baada ya sekunde chache eMMC inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida, unaiandikia imeji. Ukimaliza zima, toa jampa, washa. Watu wengi wanasahau kutoa jampa kisha wanasema kuflashi kumeshindikana.

Ya pili: USB ya CM4 huja ikiwa imezimwa ili kupunguza ulaji wa umeme. Fungua faili la config.txt, ongeza mstari huu:

dtoverlay=dwc2,dr_mode=host

Washa upya, kibodi itaamka.

La mwisho, usiwe unachomoa na kuchomeka moduli kila unapotaka kujaribu jambo. Zile konekta za Hirose DF40 zina nafasi ya milimita 0.4 kati ya pini na pini, na mtengenezaji ameziandikia mara 30 za kuchomeka. Unapoiweka, linganisha matundu ya skrubu kwanza, shusha taratibu mpaka usikie imekaa, kisha bonyeza juu ya kila konekta kwa kidole gumba. Kuchomoa ni kuinua sawasawa pande zote mbili. Ukiikunja kuanzia kona moja unapinda pini ambazo hutaziona bila lenzi.

#12 Mgeni Kidogo

Imewaka! Kibodi kinafanya kazi. Shukrani sana mkuu.

#13 Betri Ndogo

Mbona mnasahau kwamba ARM si Linux peke yake? Kazi yangu ni sensa za betri zinazokaa porini mwaka mzima. Moduli yoyote mliyoitaja inamaliza betri yangu kabla wiki haijaisha.

Huku chini, kwenye chipu ndogo zisizoendesha Linux, kuna moduli pia. MicroMod ya SparkFun inatumia konekta ya M.2, prosesa upande mmoja, bodi mama upande mwingine, unabadilisha chipu bila kugusa chuma cha kulehemu. Onyo: umbo ni la M.2 lakini pini si za laptopu, msichomeke humo. Kuna mikroBUS ya MikroElektronika, soketi ya pini 16 tu ambayo bodi ndogo za sensa zake zimepita elfu moja kwa aina. Na kuna Pico ya Raspberry Pi, dola 4 ilipotoka 2021, na Pico 2 dola 5 mwaka 2024 ikiwa na kore mbili za Cortex-M33 na RAM ya KB 520. Kingo zake zina nusu matundu, kwa hiyo unailehemu bapa juu ya bodi yako kama kipuri kingine. Kwa dola 5 hiyo ni moduli, hata kama hawaiiti hivyo.

Arduino nao wana Portenta H7, Cortex-M7 ya MHz 480 na M4 ya MHz 240 ndani ya chipu moja, kwa karibu dola 100 ilipotoka. Sijawahi kuona kazi yangu iliyohitaji hiyo, lakini ni nzuri kuitazama.

#14 Mbahili wa Chipu

Haya, nimekubali nusu. Nina kazi ya kweli: kifaa chenye skrini moja, kinaongea CAN na mashine, vipande mia kwa kuanzia, mteja anataka vipuri miaka kumi. Ukali wa picha si muhimu. Nilikuwa nimeelekea CM5 kwa sababu ya bei. Mzee na Fundi, mnasemaje?

#15 Mhandisi Mstaafu

CM5 haina CAN ndani. Utaongeza chipu ya CAN kupitia SPI (njia ya mawasiliano kati ya chipu), itafanya kazi, ila mashine ikituma ujumbe mfululizo utaanza kupoteza baadhi na lawama zitakuja kwako. i.MX 8M Plus ina CAN FD mbili ndani, na kore ya M7 inaweza kusikiliza CAN hata Linux ikiwa bado inawaka. AM62 ya Texas Instruments nayo ifikirie, ni ya bei ya chini na skrini moja inaimudu bila jasho. Kwenye Verdin zote mbili zipo, soketi ileile, kwa hiyo unaweza kujaribu ya Plus kisha ukashuka hadi AM62 bila kuchora bodi mama upya. Hakikisha tu bodi yako inategemea pini zenye kazi ileile kwenye moduli zote mbili, usiende kwenye zile za moduli moja pekee.

#16 Fundi Soketi

Naungana na mzee, ingawa moyo wangu uko kwa CM. Ungesema vipande mia bila CAN na bila hiyo miaka kumi, ningekuambia CM4 ya GB 1 na ulale. Ahadi ya kuizalisha ipo hata kwa Raspberry Pi, lakini kwa CAN bado ungekuwa unaunganisha kwa viraka.

Fanya hesabu kwa vipande mia: moduli, bodi mama yako, konekta, bamba la kupoza joto, na wiki za kazi ya kuandaa mfumo. Kwa kiwango chako, hizo wiki zitazidi tofauti ya bei kati ya moduli hizi mbili. Anza na bodi mama ndogo ya Toradex, Mallow au Dahlia, upime CAN na skrini kabla hujachora chochote.

#17 Mbahili wa Chipu

Sawa wakuu. Soketi ya Verdin nichukue yoyote ya DDR4 ya pini 260?

#18 Mhandisi Mstaafu

Hapana, kijana wangu. Zinauzwa za vimo mbalimbali, na kuna za kawaida na za kugeuzwa. Kimo kifupi kinabana nafasi chini ya moduli, hivyo ukiwa na kapasita ndefu pale chini zitagusana. Ya kugeuzwa itakuelekeza moduli upande usioutaka. Chukua namba ya kipuri iliyoandikwa kwenye mwongozo wao wa kuchora bodi mama, na uagize kumi za ziada.